Spea Ambazo Hazikuvuka Mpaka

Injini ya Datsun 120Y haijawahi kunikosesha usingizi. Ikianza kukohoa naipeleka kwa fundi yeyote wa makamo kati ya Moshi na Dar es Salaam. Anafungua boneti, anaiona ile A12 ya sentimita za ujazo 1,171, na uso wake unachangamka, maana alijifunzia kazi kwenye injini ya namna hiyo. Gasketi zipo, pistoni zipo, platini na pampu ya maji zipo. Nissan waliendelea kuifunga injini hiyo na ndugu zake kwenye pikapu zao ndogo za 1200 muda mrefu baada ya 120Y kusahaulika. Japani pikapu hizo zilitengenezwa hadi 1994, Afrika Kusini hadi 2008.

Kinachonikosesha usingizi ni mkono wa kupandishia kioo. Ni kifuniko cha dashibodi kilichopasuka kwa jua, utepe wa kromu wa chini ya dirisha, herufi za nembo kwenye buti, mpira wa mlango, kisahani cha majivu ya sigara, ingawa ndani ya gari hilo havuti mtu. Mwanangu wa kwanza ameshachoka na mimi. "Mama, gari linatembea, unataka nini tena?" Nataka gari zima, basi.

Nilifundisha historia sekondari mpaka nikastaafu, na ugonjwa wa walimu wa somo hilo ni kutaka kujua kwa nini kitu hakipo. Ukiuliza kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, utaambiwa, "Gari la zamani hilo, mama." Jibu hilo halinitoshi. Volkswagen ya mgongo wa mviringo ni ya zamani kuliko Datsun yangu, na bado ukitaka mpira wa dirisha lake, mpya kabisa, unaagiza. Land Rover za babu zetu zinapata kila kitu. Na kama uzee ndio sababu, mbona injini ya gari lilelile haikosi spea? Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, na ninavyoona mimi jibu limo kwenye kalenda: tarehe za huku zilipishana na tarehe za Japani, na ndani ya mwanya huo zikapotea paneli za milango.

Nianze na namna magari haya madogo yalivyotufikia. Mwaka 1953, mbio za kwanza za Safari zilipoandaliwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, Volkswagen ya Alan Dix na Johnny Larsen ndiyo iliyorudi na sifa. Dunia ya watu wenye mshahara wa kawaida ikajifunza kwamba gari dogo linaweza kuhimili tope la Afrika Mashariki. Halafu 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller wakashinda na Datsun 1600 SSS, 1971 wakarudia na 240Z, na 1973 Shekhar Mehta naye akashinda na 240Z. Mbio wakati huo zilikuwa zetu sote, zikipita Kenya, Uganda na Tanzania, na watoto wa shule tulijipanga barabarani kula vumbi. 120Y haikuwa miongoni mwa hizo zilizoshinda. Lakini jina lilikuwa moja, na karani aliyekuwa hana uwezo wa 240Z aliweza kuota kwa 120Y.

Baba yangu alikuwa karani wa KNCU, ushirika wa kahawa wa Kilimanjaro. Alinunua Datsun hiihii 1976 kutoka kwa daktari mmoja Mzungu aliyekuwa amemaliza mkataba hospitali ya KCMC na anarudi kwao. Mwaka huohuo serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika. Mama alikuwa akisema mumewe alinunua gari siku aliyopoteza kazi. Haikuwa siku moja, lakini mama alipenda hadithi zake ziwe fupi.

Gari lilikuwa na umri mdogo, la rangi ya maziwa, ndani jeusi tii, na lilinukia ile harufu ya plastiki mpya iliyopikwa na jua. Ikiharibika kitu, desturi ya watu wa Moshi ilikuwa kwenda Nairobi, au kumwagiza dereva wa basi la Nairobi. Asubuhi unampa kipande kilichovunjika na pesa, na kesho yake jioni anakuletea kipya kwenye boksi.

Februari 1977 mpaka na Kenya ukafungwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ikavunjika mwaka huohuo. Mwishoni mwa 1978 tukaingia vitani na Idi Amin, na vita vilipokwisha 1979 hazina ilikuwa imekauka. Kuagiza magari kulikuwa mikononi mwa Shirika la Magari la taifa, na fedha za kigeni zilipopatikana zilienda kwenye malori, matrekta na mafuta. Magari ya binafsi yalikuwa hayaruhusiwi barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana bila kibali. Sitaki kuandika kama walivyoandika wengine, kana kwamba haya yote yalikuwa ukatili wa wakubwa. Dola ikiwa moja, na kwenye foleni wamesimama kidonge cha malaria na mkono wa kioo cha Datsun, hata mimi ningejua pa kuipeleka.

Lakini watu wa mpakani hawakosi njia. Holili iko karibu na Moshi, na ng'ambo ya Holili ni Taveta. Juu zaidi, Rombo, shamba la mtu na shamba la shemeji yake Mkenya yanatenganishwa na mfereji. Njia za panya zilijaa. Kahawa ilikwenda, sabuni na mafuta ya kupikia yakarudi, na ndani ya sabuni zikaja plagi, platini, mikanda ya feni, gasketi za kabureta. Hapa ndipo penye fundo la habari yote. Plagi inaingia ndani ya soksi. Platini unaweza kuifunga kwenye pindo la kanga. Paneli ya mlango ina urefu wa karibu mita moja, haikunjiki, na mtu akikuona nayo kichwani saa tisa usiku huna la kumwambia. Bei yake nayo haikufidia hatari. Kwa hiyo kwa takriban miaka 7 kila kilichoweza kulifanya gari litembee kilivuka, na kila kilicholifanya lipendeze kilibaki ng'ambo. 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoanzisha msako wa wahujumu uchumi, hata plagi za soksini ziliogopwa. Boksi la spea lisilo na risiti lilikuwa kesi. Watu walimwaga bidhaa maporini usiku.

Wakati huo magari yalikuwa yakichakaa ndani kama kawaida. Jua la Same na Mombo halikujua habari za mpaka. Na ndipo alipopata jina fundi wa siti.

Wa kwetu alikaa Njoro ya Moshi, chini ya mjohoro, na cherehani ya Butterfly ambayo ukiitazama ungedhani ni ya kushonea gauni za shule, na kweli mchana mwingine alishona gauni za shule. Mimi nilikuwa msichana wa sekondari na nilitumwa kukaa na gari, kwa sababu baba aliamini gari lisipolindwa kwa fundi linarudi limepungua. Nilimwona akitoa paneli ya mlango wa mbele, na mpaka leo nikiona kijana wa gereji bubu anaingiza bisibisi nyuma ya mkono wa kioo na kuukwangua, moyo unaniuma.

Yeye hakugusa bisibisi. Alichukua kitambaa chakavu, akakipitisha kati ya mkono wa kioo na paneli, akakivuta huku na huku kama mtu anayesugua viatu. Nyuma ya mkono ule kuna kibanio cha waya chenye umbo la kwato ya mbuzi kinachoushika kwenye ekseli yenye meno madogo. Kitambaa kikikamata ncha ya kwato, kibanio kinaruka. Aliweka kiganja cha kushoto tayari, kikarukia humo humo. Akakitia mdomoni, kati ya midomo kama sindano, akaendelea na kazi. "Binti, hiki kikipotea baba yako atafunga kioo kwa koleo mpaka atakapokufa," akaniambia bila kufungua meno.

Kisha akapitisha bapa la kisu cha mezani pembezoni mwa paneli, akatafuta klipu moja moja, akizungusha kidogo kila alipoipata. Paneli ikatoka. Nyuma yake ungeona shida ilikoanzia. Kiwandani, kati ya bati la mlango na paneli huwekwa karatasi ya plastiki ya kuzuia maji. Fundi mmoja aliyewahi kutengeneza kitasa aliichana na hakuirudisha. Maji ya mvua yanayoingia kupitia mpira wa kioo yakawa yanalowesha ubao wa paneli, ambao si ubao hasa, ni karatasi ngumu iliyogandamizwa. Ukaumuka, matundu ya klipu yakapanuka, paneli ikaanza kuning'inia na kugonga kila kwenye tuta.

Akalaza paneli juu ya plaiwudi nyembamba, akaizungushia penseli. Akakata kwa msumeno wa upinde, akatoboa matundu ya klipu, akaupaka ubao mpya mafuta machafu ya injini upande wa nyuma ili usinywe maji. Ngozi ya zamani aliibandua kwa mvuke wa birika. Sehemu ya chini ilikuwa imeoza, akaungia kipande cha reksini kutoka kwenye kochi la mtu. Ile mistari ya kiwandani iliyochomwa kwa joto haikuwezekana kuirudia kwa mkono, kwa hiyo aliishona kwa uzi mweusi, mishono mirefu, sambamba, ya kunyooka kuliko ilivyokuwa ile ya Japani. Baba alipokuja jioni akazunguka gari lote kimya.

"Fundi, weusi wake umepishana."

"Mzee, ule wa zamani ndio umepauka. Mimi nimeshona mweusi."

Kila kitu kilikuwa na mbadala wake. Kapeti zilitoka kwenye magunia ya kiwanda cha Moshi, yakapakwa rangi nyeusi ya viatu. Mipira ya vioo ilikatwa kwenye tyubu za baiskeli. Silingi ilikuwa kitambaa cha marekani, kilichofuliwa kwanza ili kisije kuvuta. Nobu ya gia yetu ilipopasuka, mjomba alileta ya mpingo kutoka kwa wachongaji wa Dar es Salaam, na ikawa nzuri kuliko zote zilizowahi kutengenezwa na Nissan. Viti vya Volkswagen ndivyo vilivyomfurahisha fundi zaidi, kwa sababu Wajerumani wenyewe waliwahi kuvijaza nyuzi za makumbi ya nazi zilizogandishwa kwa mpira. Usumba ulipatikana tele Pangani na Tanga. Alikuwa akiwaambia wateja wake kwamba anawarudishia kitu cha kiwandani, na hakuwa muongo sana.

Kuna wanaoziita kazi hizi uchakachuaji. Mimi sikubali. Ilikuwa tasnia nzima, yenye wanagenzi na viwango vyake, na iliyaweka barabarani magari ambayo kwa hesabu za kiwandani yalitakiwa yawe yamekufa.

Sasa twende Japani. Kampuni za huko zilikuwa na desturi ya kubadilisha umbo la gari kila baada ya miaka minne hivi. Sunny, ambayo kwetu iliitwa 120Y, ilitoka 1973, na 1977 ikapisha nyingine, ambayo nayo 1981 ikapisha nyingine. Injini haikubadilishwa kila mara, kwa kuwa kutengeneza injini mpya ni gharama na mnunuzi haioni. Dashibodi, paneli, viti, shoo ya mbele na taa ndivyo vilivyobadilishwa, ili jirani ajue kwamba umenunua jipya. Kwa hiyo injini ya gari hilo iliishi miongo, na dashibodi yake iliishi miaka minne tu. Volkswagen ya mviringo iliendelea kutengenezwa Mexico hadi tarehe 30 Julai 2003, jumla yake zaidi ya milioni 21, zikirithishana vitu vingi vya ndani. Ndiyo maana mtu anapata faida akikaa kiwandani leo kuitengenezea mipira na mikono ya vioo. Nani atatengeneza kalibu ya dashibodi iliyotumika miaka minne, kwa watu wachache kama mimi?

Zingebaki za mtumba. Hapo ndipo kalenda inapouma. Japani wana ukaguzi wa lazima wa magari, na zamani gari likipita miaka 10 lilipaswa kukaguliwa kila mwaka. Sheria hiyo ililegezwa 1995. Ukaguzi ni ghali, kwa hiyo watu wengi waliona heri waliache gari kabla halijafikia umri huo. Piga hesabu. Datsun za 1973 hadi 1977 zilikuwa zikitupwa huko kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 mpaka katikati yake. Nazo ndizo hasa siku ambazo mlango wetu ulikuwa umefungwa na komeo. Milango yao, viti vyao na dashibodi zao, zote za usukani wa kulia kama zetu, ziliingia kwenye mashine ya kuponda vyuma wakati fundi wa Njoro anakata plaiwudi.

Mpaka na Kenya ulifunguliwa tena Novemba 1983. Bajeti ya 1984, chini ya Waziri wa Fedha Cleopa Msuya, mtu wa Mwanga, jirani zetu, iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa alizipata wapi. Mzee Mwinyi alipoingia Ikulu 1985 neno likawa ruksa. Magari yaliyotumika yakaanza kuja, mwanzoni kidogokidogo, miaka ya 1990 kwa mafuriko, mengi yakipitia Dubai. Makontena yakafunguliwa Gerezani na Shaurimoyo. Ndani mlikuwa na noskati, yaani pua nzima ya gari iliyokatwa na injini yake, gia, milango, viti, redio. Kila kitu tulichokosa kikamwagwa barabarani, cha Corolla. Cha Datsun 120Y hakikuwepo, maana hata huko kilikokuwa kinatoka kilikuwa kimekwisha.

Watu hudhani dhiki ndiyo iliyoyaua magari yale. Nimeshuhudia kinyume chake. Katika dhiki hakuna aliyetupa gari. Shangazi yangu wa Majengo alikuwa na 120Y ya kijani iliyokuwa haijatembea miaka mingi, kuku wakitagia kwenye kiti cha nyuma, na bado aliikatalia kila aliyetaka kuinunua, kwa sababu ipo siku. Neema ilipokuja, ile "ipo siku" ikafa. Mjukuu akanunua Corolla. Miaka ya 2000 biashara ya vyuma chakavu iliposhamiri, vijana wakaja na mtungi wa gesi na mizani. Walichinja gari asubuhi moja. Bodi ikaenda viwandani kuwa nondo. Nilifika jioni kumsalimia shangazi nikakuta paneli zote nne, kifuniko cha dashi na silingi vimerundikwa pembeni ya shimo la takataka, moshi mweusi unapanda. Kwenye mizani plastiki haina kilo. Katika miaka ya njaa fundi wa Njoro angezifuata paneli zile kwa miguu hadi Same.

Kwa mafundi wa siti mambo hayakwenda vibaya kiasi hicho. Wanashona vifuniko vya viti vya daladala na bodaboda, na hela ni nzuri. Ila ujuzi wa kurudisha kitu kilivyokuwa unapungua, kwa sababu mteja haagizi kilivyokuwa. Anataka rangi mbili na jina la timu.

Basi mtu kama mimi anatafuta wapi? Gerezani naenda kwa mazungumzo zaidi kuliko spea. Wanajua kila tundu la Vitz. "Karibu mama, leo tunatafuta nini?" Nikisema mkono wa kioo wa 120Y, mmoja anamuuliza mwenzake, mwenzake anapiga simu, na baada ya soda moja unaletwa mkono wa gari lingine kabisa, na mtu anayeapa kwamba unaingia. Jijini ukiegesha gari la kisasa huna budi kuchora namba ya usajili kwenye vioo vya pembeni na taa, ama sivyo utauziwa vya kwako mwenyewe. Datsun yangu naiacha popote. Hakuna mwizi mwenye akili atakayeiba kitu ambacho hata mimi mwenye pesa mkononi sijui nikinunue kwa bei gani.

Nairobi ndiko kuliko na matumaini. Kenya haikupitia kiangazi kile kama sisi. Mawakala waliendelea kuleta Datsun na spea zake, na baadhi ya spea hizo hazikununuliwa. Ukienda Kirinyaga Road, ambayo watu bado wanaiita Grogan, kwa jina la yule Ewart Grogan aliyejitapa kutembea kutoka Cape hadi Cairo, pita maduka ya mbele yanayometameta. Nenda yale ya ndani, yenye mzee na kaunta ya mbao. Huko nilipata utepe wa kromu wa mlango wa kulia, ukiwa bado umefungwa karatasi ya kahawia. Mikono ya vioo niliyonayo sasa ni ya pikapu ya Nissan. Meno yake yanalingana na ekseli, na umbo limepishana kidogo tu.

Ng'ambo kuna wenzetu. Australia 120Y ilipendwa sana, na magari yao ni ya usukani wa kulia, kwa hiyo dashibodi yao ingenifaa kama nauli yake isingezidi bei ya gari. Marekani ziliuzwa nyingi mno kwa jina la B210, lakini usukani wao uko kushoto, na kifuniko cha dashi cha upande huo hakina pa kukaa kwangu. Wenye 240Z hawana shida kama zangu. Tangu mbio za magari ya kale za Safari Classic zianze Kenya 2003, wapo wanaokuja na kontena zima la spea kwa ajili ya gari moja. Gari la tajiri likizeeka linaitwa urithi. Gari la karani likizeeka linaulizwa litaondoka lini uani.

Paneli za milango sitafuti tena. Zipo zinazouzwa mara mojamoja, na jamaa mmoja wa Arusha alinitajia mbili nzuri. Nilikataa. Zile za mishono mirefu ya uzi mweusi zimekaa mlangoni kwa muda mrefu kuliko zilivyokaa za Japani, na sioni sababu ya kuzivua ili kumridhisha mtu anayetaka kila kitu kiwe cha kiwandani. Nobu ya mpingo nayo haiondoki. Ninachotafuta ni kile ambacho fundi hakuweza kukitengeneza kwa sindano na msumeno: vitu vya kalibu na vya kromu.

Mara ya mwisho nilibahatika Tanga. Mzee mmoja wa Kihindi alikuwa anafunga duka la spea la baba yake ili akakae na watoto Uingereza. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu, akashuka na boksi lililoandikwa kwa kalamu ya wino, "Datsun, mbalimbali". Nikaona herufi za nembo, kisahani cha majivu, klipu za paneli zilizofungwa kumi kumi.

"Nipe hiki na hizi, mzee."

"Hapana, mwalimu. Nachukua ndege wiki ijayo. Unachukua boksi lote au naliacha na duka."

Nililichukua lote. Kwa hiyo sasa ninavyo vitu vya Datsun ambazo sijawahi kuwa nazo: mikono miwili ya ndani ya mlango ya Datsun 1200, wilikapu moja ya 160J, shoo ya mbele ya 140Y iliyovunjika jino moja, na mpira wa kioo cha nyuma ambao hakuna fundi aliyeweza kuniambia ni wa gari gani. Siviuzi, nabadilishana. Ninachohitaji ni kifuniko cha dashi cha 120Y, usukani wa kulia, kisichopasuka, au kilichopasuka upande wa abiria tu.